Nyumba ya magogo au ya fremu: mahali ndipo pataamua

Swali: Mimi na mume wangu tumejiwekea akiba kwa miaka mingi ili tujenge nyumba ya mbao ya kuzeekea. Kazi zetu hazitufungi sehemu moja, kwa hiyo tuna uhuru wa kuhamia tunakopenda. Yeye moyo wake uko kando ya ziwa, mimi nataka milimani, na kijana wetu anasisitiza pwani. Hata aina ya nyumba hatujaamua: magogo matupu au fremu ya mbao? Tuchague nyumba kwanza au mahali kwanza?

Jibu: Dada, chagueni mahali kwanza. Na mnapochagua mahali, mandhari yasubiri kidogo. Tangulizeni hali ya hewa. Hiyo ndiyo itakayowaambia kama nyumba iwe ya magogo au ya fremu, paa litoke nje ya ukuta kiasi gani, na kila mwaka mtatumia siku ngapi juu ya ngazi mkiwa na brashi mkononi. Nimekagua nyumba za mbao sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nyingi kati ya zile nilizozikuta zinaoza zilijengwa na mafundi hodari. Viungo vyake vilishikana hata wembe haupiti. Kosa lilitokea mapema zaidi: mtu alipenda mchoro wa nyumba ya bonde kavu, akaupeleka kama ulivyo kwenye ufuko wenye manyunyu nusu ya mwaka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama mahali fulani pana mvua nyingi. Ningependa mjiulize hivi badala yake: ukuta ukilowa, unapata siku ngapi za kukauka kabla haujalowa tena? Mbao yaweza kupigwa na mvua mara elfu moja isidhurike, mradi kila mara inakauka. Zinazoiozesha ni kuvu, na kuvu zina masharti yao. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, haziwezi kustawi. Unyevu ukifika asilimia 28 hadi 30, kuta za chembe za mbao zinakuwa zimeshiba, na maji yanayozidi hapo yanakaa huru ndani ya vijitundu vyake. Huo ndio wakati uozo unaposhika kasi. Zinahitaji na joto pia. Nyingi hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 30 hivi, na baridi ikikaribia sifuri hulala.

Hewa ya unyevunyevu peke yake haitoshi kuozesha ukuta ulio chini ya paa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50, katika joto la kawaida la chumba, huifanya mbao itulie kwenye asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 65 huifikisha 12, na ya asilimia 80 huifikisha karibu 16. Bado mko salama. Ili unyevu ufike hatua ya hatari lazima yapatikane maji yenyewe: mvua inayosukumwa na upepo, matone yanayoruka kutoka ardhini, theluji iliyoegemea ukuta, au bomba linalovuja.

Mwaka 1971 mtafiti wa mbao wa Marekani, Theodore Scheffer, alichapisha kanuni ya kukadiria jinsi hali ya hewa ya mahali inavyoozesha mbao isiyogusa ardhi. Nawasihi muijifunze, kwani mtu yeyote mwenye kalamu anaiweza. Mnahitaji namba mbili tu kwa kila mwezi: joto la wastani kwa nyuzi za Selsiasi, na idadi ya siku zilizopata mvua ya kupimika, yaani milimita 0.25 au zaidi. Kwenye joto toeni 2. Kwenye siku za mvua toeni 3. Zidisheni majibu hayo mawili. Mwezi ambao joto lake halizidi 2, au siku zake za mvua hazizidi 3, uhesabiwe sifuri. Fanyeni hivyo kwa miezi yote 12, jumlisheni, kisha gawanyeni kwa 16.7. Mkipata chini ya 35, hatari ya kuoza ni ndogo. Kati ya 35 na 65 ni ya wastani. Zaidi ya 65, mbao iliyo wazi kwa mvua imo hatarini kweli.

Tujaribu. Chukueni mahali penye wastani wa nyuzi 22 mwaka mzima na siku 12 za mvua kila mwezi. Hiyo ni 20 mara 9, sawa na 180 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,160, na ukigawanya unapata 129. Sasa chukueni bonde la milimani ambalo miezi mitano haivuki nyuzi 2, na miezi saba iliyobaki ina wastani wa nyuzi 12 na siku 7 za mvua. Miezi mitano ni sifuri. Saba iliyobaki ni 10 mara 4, yaani 40 kila mmoja, jumla 280. Gawanya: kama 17. Gogo lile lile, fundi yule yule, rangi ile ile ya kinga, na bado kuta hizo mbili zitaishi maisha mawili tofauti kabisa.

Angalieni pia kitu ambacho hakimo kwenye kanuni hiyo: kiasi cha mvua. Milimita 1,000 zikinyesha kwa siku 40 za dhoruba kali zenye jua katikati, ukuta unakauka. Zile zile zikinyesha kwa siku 160 za rasharasha, ukuta unashinda umelowa. Ndiyo maana napuuza takwimu za mvua ya mwaka zinazotolewa na wauza viwanja, nikataka idadi ya siku.

Kanuni hii ina mipaka yake. Haijui upepo, haijui jua la mlimani, haijui mchwa. Hayo nitayafikia. Lakini ni ungo mzuri wa kwanza. Utawapunguzia orodha kabla hamjapoteza safari.

Mkitaka kuona jambo hili kwa macho, Norwei ni darasa zuri. Kanisa la mbao la Borgund, lililojengwa karibu mwaka 1180, bado limesimama katika bonde la Lærdal. Mafundi wake walijua kazi: nguzo zimekaa juu ya boriti za chini, boriti zimekaa juu ya mawe, paa zimepandana kama magamba, na mbao zimekuwa zikipakwa lami ya misonobari kizazi baada ya kizazi. Ila na bonde lenyewe lina sehemu yake. Liko nyuma ya milima, na upepo wa bahari ukilifikia huwa umeshamwaga mvua yake njiani. Umbali wa kilomita kama 150 kwa mstari ulionyooka uko mji wa Bergen, unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lærdal haipati hata nusu ya hizo. Bergen nayo ina nyumba za kale za magogo, zile za bandari ya Bryggen zilizojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702. Lakini kuta zake zimevikwa mbao za nje zinazoweza kubanduliwa na kubadilishwa, na kazi ya kuzikarabati haiishi. Katika pwani hiyo ya magharibi wakulima walikuwa hata na namna yao ya kujenga kwa fremu za nguzo na mihimili zilizofunikwa kwa mbao za nje, wakati mabonde makavu ya mashariki yakijenga kwa magogo yaliyoachwa wazi. Nchi moja, watu wamoja, lakini kila upande ulisikiliza hewa yake.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lenu la pili. Ukuta wa magogo matupu ni muundo, kihami joto na ngozi ya nyumba, vyote kwa pamoja. Ngozi ikiugua, muundo umeugua. Nyumba ya fremu hutenganisha kazi hizo: nguzo na mihimili mikubwa inabaki ndani, kwenye ukavu, na nje kunakuwa na tabaka la kuhami, nafasi ya hewa, na mbao za kufunikia. Mbao za nje zikichoka baada ya miaka 30 unazibandua unaweka nyingine, na fremu haina habari. Kwa hiyo mahali ambapo hesabu ya Scheffer inavuka 65, msimamo wangu ni fremu, na huwa sibembelezeki. Kati ya 35 na 65 magogo yanawezekana mkikubali penu pana (yaani ukingo wa paa unaotoka nje ya ukuta), baraza kuzunguka upande wa mvua, na msingi mrefu. Chini ya 35, chagueni mnachokipenda.

Msidhani fremu ni ya nchi za baridi tu. Hekalu la Hōryū-ji kule Nara, Japani, lina majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani, ya mwishoni mwa karne ya 7 au mwanzoni mwa ya 8, na Nara ina majira ya joto yenye mvua. Siri yake inaonekana ukiwa umesimama uani: penu zimetoka nje mno, kiasi kwamba mvua ya kawaida haiufikii ukuta, na nguzo zimekaa juu ya mawe, mbali na udongo. Tena ni jengo la viungo vinavyofunguka, kwa hiyo kwa karne nyingi limebomolewa kwa utaratibu, kipande kilichooza kikatolewa, likasimamishwa tena.

Kuna jambo la magogo ambalo mahali hulibadilisha na wenye nyumba wengi hawaambiwi. Magogo mabichi husinyaa kwa upana yanapokauka, na kwa kuwa yamelazwa moja juu ya jingine, ukuta mzima hushuka. Wajenzi hukadiria asilimia 6. Kwa ukuta wa mita 2.5 hiyo ni sentimita 15, kina cha kiganja na vidole vyake. Ndiyo maana juu ya kila dirisha na mlango huachwa pengo lililofichwa kwa ubao, na chini ya kila nguzo ya ndani huwekwa skrubu ya kushushia. Mahali pakavu, ambako mbao hutulia kwenye asilimia 8, kushuka ni kukubwa kuliko mahali ambapo hutulia kwenye 15, na nyufa ni pana zaidi. Mahali pakavu panawapa ukuta usiooza, ila miaka miwili mitatu ya kwanza mtasikia nyumba ikilia usiku na mtaona nyufa zikifunguka mbele ya macho. Msiogope nyufa zenyewe. Ogopeni ule ufa ulio upande wa juu wa gogo kwenye ukuta wa mvua, maana huo ni kikombe. Nguzo ya fremu haina shida hiyo, kwani mbao haipungui urefu wake kwa kiasi cha kuonekana. Kinachosinyaa ni unene wa mhimili, ulimi ukalegea kidogo ndani ya tundu lake.

Sasa niende kwenye sehemu zenyewe mlizozitaja, na nianze na ziwa la mumeo, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi.

Niliitwa siku moja kukagua nyumba ya magogo iliyokuwa hatua chache kutoka majini. Ilikuwa na miaka 12. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Mwenyewe alikuwa ameipaka mafuta mwezi ule ule. Nikazunguka nyuma, upande wa barabarani, nikachoma gogo la chini kwa bisibisi nyembamba: likagoma, likatoa mlio mkavu. Nikaenda upande wa ziwa, chini ya dirisha kubwa la sebuleni, nikachoma gogo la tatu kutoka chini. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, bila mlio wowote, kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nilipoichomoa ilikuja na unga wa kahawia uliolowa. Kipimio cha unyevu kiliandika zaidi ya 30. Mwenye nyumba alinyamaza, kisha akaketi kwenye ngazi za baraza. Sikuwa na neno la kumpoza.

Ukimuuliza kila mtu kwa nini amejenga pale, atakwambia ni kwa ajili ya kuliona ziwa. Kwa hiyo madirisha makubwa yanawekwa upande wa maji, paa linafupishwa upande huo huo lisizibe macho, na baraza halina paa ili jua liingie. Lakini maji mapana hayana cha kuuzuia upepo. Dhoruba inayovuka ziwa inafika na mvua iliyolala, na inaupiga ukuta ule ule ambao mmeuvua nguo. Maji yanatiririka kwenye kioo, yanakusanyika kwenye kizingiti, yanaingia kwenye ufa wa gogo lililo chini yake. Ukungu wa asubuhi unalinda unyevu huo usikauke hadi saa nne. Ukaguzi wangu wa mwanzo kwenye nyumba za ziwa huwa ni huo: gogo la pili na la tatu chini ya dirisha kubwa, upande wa maji.

Hata hivyo ziwa halina hali ya hewa moja. Kuna maziwa katika nchi kavu nyuma ya milima, yenye upepo mkavu na siku chache za mvua, na kuna maziwa katika nchi ya manyunyu. Fanyeni hesabu ya eneo, si ya ziwa. Mkishalipata eneo kavu, pandeni mlimani kidogo. Nyumba iliyo juu ya kilima mita mia na hamsini kutoka majini huliona ziwa vizuri zaidi kuliko ile iliyo ufukweni, hewa huipitia chini na juu, na miti michache kati yake na maji huvunja upepo.

Milima yako, dada, mara nyingi ndiyo inayofaulu hesabu ya kuoza. Mlima una ushuru wa namna nyingine, na wa kwanza ni jua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mita 1,000 mnazopanda, miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji mpya huirudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo kwenye ukuta kutoka chini. Miale hiyo huvunja lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mbao. Kwa mbao zenyewe si maafa: msonobari ulio wazi huliwa kama milimita 6 kwa karne. Kinachokufa haraka ni rangi ya kinga. Ukuta unaokabili jua huhitaji kupakwa mara nyingi kuliko ule wa kivulini, kwa hiyo msipange ratiba moja kwa nyumba nzima.

Ushuru wa pili ni theluji, kama mlima mnaoutaka unayo. Theluji iliyokaa ikajikandamiza yaweza kufika kilo 300 kwa kila mita ya ujazo. Mita moja ya theluji hiyo juu ya paa la mita za mraba 150 ni tani 45. Mhandisi atawapa ukubwa wa mihimili; kazi yenu ni kuuliza theluji ikianguka kutoka paani itatua wapi. Ikirundikana dhidi ya ukuta, magogo ya chini yatakaa kwenye barafu inayoyeyuka kwa miezi. Kijiji cha Shirakawa-go kule Japani kina mapaa yenye mwinamo wa nyuzi 60 hivi, kama mikono iliyokutanishwa kusali, na nyumba zake zimeachiana nafasi.

Ndani ya mlima mmoja mna hali za hewa nyingi. Usiku hewa baridi hutelemka kama maji na kutuama chini ya bonde, pamoja na ukungu wake. Katikati ya mteremko hubaki na joto zaidi na kukauka mapema. Kileleni upepo hautulii. Mteremko unaokabili ikweta hupata jua la kutosha kukausha ukuta hata siku za baridi, na ule wa upande wa pili hubaki na ukoga wa kijani kwenye mawe. Kiwanja kilicho katikati, kinachokabili ikweta, chenye mgongo wa mlima upande unakotoka upepo wa mvua: nikikiona huwa sitafuti kingine.

Mahali pakavu penye mchana wa moto na usiku wa baridi ndipo magogo yanapofanya kazi nyingine nzuri, ya kuhifadhi joto. Gogo la sentimita 20, kwa kuhami tu, ni sawa na pamba ya kuhami ya sentimita 6 au 7, na hiyo ni kidogo kwa viwango vya leo. Lakini uzito wake hupokea joto mchana na kulitoa usiku. Maabara ya viwango ya serikali ya Marekani ililipima jambo hili huko Gaithersburg, Maryland, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa vijumba vilivyojengwa kando kwa kando. Wakati wa baridi kali isiyokatika, kijumba cha magogo kilitumia nishati sawa na kile cha mbao nyepesi kilichowekwa kihami, licha ya kuwa ukuta wake kwenye karatasi ulikuwa hafifu. Majira ya joto linalopanda na kushuka, cha magogo kilitumia kidogo zaidi. Kwa hiyo kama mnakwenda mahali ambapo baridi haikatiki miezi sita, fremu yenye tabaka nene la kuhami itawapasha joto kwa kuni chache kuliko magogo.

Pwani nitaipitia haraka, kwa kuwa ushauri wangu ni mfupi: kama ni pwani, iwe fremu. Chumvi hula misumari na bamba za chuma, kwa hiyo vifungo viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la juu, lile linaloitwa 316. Mvua huja imelala. Na pwani za joto zina mchwa wa aina mbili. Wa ardhini hupanda kwa vijia vya udongo, na ukiacha msingi wa zege wenye urefu wa sentimita 45 usiofunikwa na maua wala kuni, utaviona kabla havijafika kwenye mbao. Wa mbao kavu huingia kwa mabawa, hawahitaji udongo kabisa. Dalili yao ni chembe ndogo kama mchanga chini ya mhimili, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kila chembe ina pande sita. Fremu iliyo wazi ndani ya nyumba hukaguliwa kwa macho. Ukuta wa magogo yaliyobanana hauna huruma hiyo.

Nimeliacha jambo la moto hadi hapa, na sikuliacha kwa sababu ni dogo. Mahali pakavu panapofaulu hesabu ya Scheffer mara nyingi ndipo penye msitu unaowaka. Watu wanaogopa magogo yenyewe, na hapo wanakosea. Mbao nene ya msonobari huungua taratibu, kama milimita 0.65 kwa dakika, na makaa yanayojitengeneza juu yake huilinda iliyo ndani. Utafiti wa Jack Cohen wa Idara ya Misitu ya Marekani ulionyesha kwamba hatima ya nyumba huamuliwa zaidi na nyumba yenyewe na mazingira yake ya karibu, si na ukubwa wa moto ulioko msituni. Cheche hupeperushwa mbele ya moto, zikatua kwenye majani makavu yaliyo kwenye mfereji wa paa, kwenye kuni zilizopangwa barazani, au zikapenya kwenye matundu ya hewa ya darini. Kwa hiyo paa liwe la bati au vigae, matundu yazibwe kwa wavu wa matundu ya milimita 3, na mita 1.5 kuzunguka ukuta pawe kokoto tupu, pasiwe hata na kichaka kimoja. Hadi mita 30 miti iachiane nafasi na matawi ya chini yakatwe. Hapo tena kiwanja kinaingia: moto hupanda mteremko mbio, na kwa kila nyuzi 10 za mwinamo kasi yake hukadiriwa kuongezeka maradufu. Nyumba iliyokaa kwenye ukingo, juu ya korongo lenye miti, nzuri kama ilivyo kwa macho, ningeikataa hata kwa bure. Rudini nyuma ya ukingo, mita 30 au zaidi.

Kabla hamjalipa chochote ulizeni pia umbali wa kituo cha zimamoto, kama kampuni za bima zinakubali kuilinda nyumba ya mbao eneo hilo, na kama lori lenye magogo ya mita 12 na kreni yake linaweza kukata kona zote za barabara ya kwenda huko. Ulizeni kama yupo seremala wa karibu anayejua kutoa gogo lililooza na kuingiza jipya. Nyumba hizi hudumu kwa ajili ya watu wanaozishughulikia, na fundi aliye mwendo wa siku mbili huja mara moja tu.

Kisha nendeni. Msiende siku ya jua ambayo muuzaji atawachagulia. Nendeni siku ya pili baada ya mvua ya siku tatu. Asubuhi na mapema tazameni ukungu umelala wapi na unaondoka saa ngapi. Tafuteni banda kongwe la mbao la jirani, ombeni ruhusa, mzunguke pande zake zote nne na bisibisi nyembamba na kipimio cha unyevu. Upande wenye ukoga, upande ambao misumari imetoa machozi ya kutu, huo ndio upande wa mvua; ukuta wenu wa upande huo utahitaji baraza lenye paa. Nguzo za uzio wa zamani huzungumza vilevile: chomeni pale zinapoingia ardhini, kisha chomeni sentimita 50 juu. Kama huko juu nako ni laini, hapo si mahali pa magogo.

Mwambie mumeo atafute takwimu za miezi 12 za maziwa mawili anayoyapenda, nawe utafute za mabonde yako mawili, mkae mezani na karatasi moja. Akipata ziwa lililo chini ya 35, nawe ukapata kilima juu yake chenye mgongo wa mlima upande wa mvua, basi nyote wawili mmepata mlichokitaka, na mnaweza kujenga kwa magogo. Kijana wenu aende pwani wakati wa likizo.